Athletics ya wapi? Kuuelewa msimu wa kwanza wa timu iliyoondoka Oakland

Ukifungua msimamo wa Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani utakuta timu 30. Ishirini na tisa zimebeba jina la mji, jimbo au eneo lao: New York, Texas, Colorado, Tampa Bay, hata Toronto ya Kanada. Moja imeandikwa Athletics, basi. Haina mji. Kila mara matokeo yake yanapopita kwenye simu, ubishi unaanza upya. Yupo anayesema ni ya Oakland, maana ndivyo alivyoizoea. Mwingine anaapa ni ya Las Vegas, kwa kuwa ameona picha za uwanja mpya. Wachache wanasema Sacramento. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana hakuna anayekubali kushindwa.

Jibu fupi ni hili: timu hii ilikuwa Oakland, California, kuanzia 1968 hadi 2024. Msimu wa 2025 ilianza kuchezea mechi zake za nyumbani West Sacramento, kwenye jimbo hilohilo, ikisubiri uwanja unaojengwa Las Vegas, jimbo la Nevada, ambao unatarajiwa kufunguliwa 2028. Kwa hiyo msimu wa 2025 ulikuwa wa kwanza wa uhamaji ambao haujafika unakokwenda.

Nimeishabikia Athletics tangu 2002, mwaka iliposhinda mechi 20 mfululizo, na nakiri mapema kwamba siandiki nikiwa sina upande. Lakini hata mwenye hasira anatakiwa aanze na mambo ya msingi.

Kinachomilikiwa ni nafasi

Besiboli yenyewe si ngumu kuifuata. Mrushaji anarusha, mpigaji anajaribu kuupiga mpira kwa gongo kisha akimbie kuzunguka vituo vinne. Akirudi alipoanzia, timu yake imepata mbio moja. Mpira ukivuka uzio wa nje moja kwa moja ni homurani, na mpigaji anazunguka bila haraka. Mechi ina raundi tisa, zinaitwa ingi. Hapa Tanzania mchezo huu upo zaidi kwa wanafunzi wa sekondari, kwa msaada mkubwa wa Wajapani, na wanaopita Upanga wanakijua kiwanja cha Azania.

Kinachotupiga chenga sisi tuliokulia kwenye soka ni mfumo wa ligi. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Nafasi ni 30, na haziongezeki mpaka wamiliki wenyewe wakubaliane kuziongeza. Anayesema ana timu maana yake ana nafasi mojawapo, pamoja na haki ya kufanya biashara ya besiboli katika eneo fulani: tiketi, matangazo ya televisheni, jezi. Uwanja mara nyingi ni mali ya mji au kaunti, na timu ni mpangaji. Mkataba wa upangaji ukiisha na mwenye nafasi akapata pa kwenda, anaondoka na kila kinachobebeka: wachezaji, jina, rangi, rekodi, pamoja na vikombe vilivyochukuliwa na watu ambao wengine wao walishakufa.

Hilo si geni sana kwetu. Ihefu, iliyoifunga Yanga 2-1 kule Mbarali Novemba 2022 na kuukata mfululizo wa mechi 49 bila kupoteza, haiko tena Mbarali. Ilihamia Singida na leo inaitwa Singida Black Stars. Nafasi ya kwenye ligi ilisafiri. Watu waliojaza uwanja wa Highland Estates siku ile hawakusafiri nayo. Tofauti kubwa ni kwamba Mbarali wanaweza kuunda timu nyingine, wakaanzia ligi ya mkoa na kupanda ngazi kwa ngazi. Oakland hawawezi. Wakiunda timu ikashinda kila mechi kwa miaka 20, bado hakuna mlango wa kuingilia Ligi Kuu. Funguo wanazo wale wamiliki 30.

Funguo hizo zina kinga ya kisheria pia. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za kuzuia biashara hodhi haziihusu besiboli. Mwaka 1998 Bunge lilipunguza makali ya kinga hiyo kwa upande wa ajira za wachezaji, lakini kwenye suala la timu kuhama iliachwa ilivyo. Linganisha na mpira wa Kimarekani: mmiliki wa Raiders, Al Davis, aliishtaki ligi yake na mwaka 1982 akaitoa timu Oakland kwenda Los Angeles bila ridhaa ya wenzake. Kwenye besiboli anayetaka kuhama lazima apate kura za robo tatu ya wamiliki. Ndiyo maana timu za besiboli hazihami ovyo. Tangu Senators watoke Washington kwenda Texas mwaka 1972, kabla ya Athletics ilikuwa imehama timu moja tu, Montreal Expos, iliyogeuka Washington Nationals mwaka 2005.

Kwa hiyo usikubali mtu akikwambia kwamba tajiri mmoja, John Fisher, ambaye wazazi wake ndio walioanzisha maduka ya nguo ya Gap, alilala akaamka na uamuzi wake. Aliomba, ndiyo. Ila Novemba 16, 2023 wamiliki walipiga kura, na matokeo yalikuwa 30 kwa 0. Hakuna hata mmoja aliyesita.

"Kwani Oakland si walikuwa hawaji uwanjani?"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ni kweli iliyokatwa kichwa.

Mwaka 2023 Athletics ilishinda mechi 50 na kupoteza 112. Wastani wa watu uwanjani ulikuwa kama 10,000 kwenye jengo lililojengwa kubeba zaidi ya mara nne ya hapo. Ukiishia hapo, unasema mji umeichoka timu. Sasa rudi nyuma kidogo. Mwaka 2014 uwanja huohuo wa Coliseum, uliofunguliwa 1966 na uliokwisha kuchakaa, ulipokea zaidi ya watu milioni 2. Oktoba 2, 2019, kwenye mechi moja ya mtoano dhidi ya Tampa Bay, waliingia watu 54,005. Ni watu walewale, mji uleule, viti vilevile vya plastiki iliyopauka.

Kilichotokea katikati kinaeleweka. Timu iliwaondoa nyota wake: Machi 2022 Matt Olson alipelekwa Atlanta na Matt Chapman akapelekwa Toronto. Desemba mwaka huo Sean Murphy naye akaenda. Bei za tiketi za msimu zikapandishwa wakati timu inabomolewa. Maji machafu yalikuwa yakifurika kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, na kuna mnyama wa porini aliyeweka makazi kwenye chumba cha watangazaji wa timu ngeni hadi chumba kikawa hakikaliki. Mazungumzo ya kujenga uwanja mpya ufukweni Oakland, eneo la Howard Terminal, yalivunjika Aprili 2023 pale uongozi ulipotangaza kwamba umepata kiwanja Las Vegas. Ukishamwambia mtu unaondoka, usimshangae akipunguza kuja kukusalimia.

Mashabiki walijibu kwa mgomo wa aina yake. Mgomo wa kawaida ni kutokwenda. Wao walisema tunakwenda wote siku moja, ili ionekane kama tatizo ni sisi. Walichagua Jumanne, Juni 13, 2023, siku ambayo kwa kawaida ungehesabu vichwa. Walifika watu 27,759. Maelfu walivaa fulana za kijani zenye neno moja kifuani, SELL, yaani wakimtaka mwenye mali auze. Kuna wakati uwanja mzima ulinyamaza kwa makusudi, mrushaji anarusha na unasikia mpira unavyogota kwenye glavu, kisha wakalipuka kwa pamoja wakiimba hilohilo la kuuza. Timu mbovu kuliko zote ikaifunga Tampa Bay, iliyokuwa ikiongoza ligi, 2-1. Wiki hiyohiyo Bunge la Nevada likapitisha dola milioni 380 za umma kusaidia uwanja wa Las Vegas, na gavana akatia saini Juni 15.

Mechi ya mwisho Oakland ilikuwa Septemba 26, 2024. Watu 46,889. Athletics 3, Texas 2. Baada ya mechi, wahudumu wa uwanja walikuwa wakichota udongo na kuwamiminia mashabiki kwenye vikombe na mifuko.

Kwa nini wakapitie Sacramento

Las Vegas haikuwa na uwanja tayari, na mkataba wa Coliseum uliisha 2024. Njia rahisi ilikuwa kubaki Oakland miaka michache zaidi, lakini mji ulitaka dola milioni 97 kwa mkataba wa miaka mitano, na uhusiano ulikuwa umeshaoza. Aprili 2024 Athletics ikatangaza kwenda West Sacramento, kwenye uwanja wa Sutter Health Park, kwa misimu mitatu pamoja na nafasi ya kuongeza wa nne. Mwenyeji ni Vivek Ranadivé, mzaliwa wa Mumbai, anayemiliki timu ya kikapu ya Sacramento Kings na pia River Cats, timu ya daraja la chini inayotumia uwanja huo. Hakudai kodi.

Sababu nyingine haionekani kwenye picha: televisheni. Athletics inalipwa makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka kwa haki za matangazo ya eneo la kaskazini mwa California. Sacramento, kilomita zipatazo 130 kutoka Oakland, imo ndani ya eneo hilo. Wangekimbilia mbali, fedha zile zingetikisika.

Na hapo ndipo jina la mji lilipopotea. Uongozi uliamua timu iitwe Athletics tu. Watu wa Sacramento walikaribishwa kununua tiketi lakini hawakupewa jina. Kwenye jezi, mkono mmoja ulishonwa nembo ya Las Vegas, mkono wa pili nembo ya Sacramento yenye lile daraja lao la rangi ya dhahabu, Tower Bridge. Oakland, iliyoitunza timu misimu 57, haikuwa na mkono wake. Na kama unataka kuongeza mkanganyiko: West Sacramento ni mji unaojitegemea, ng'ambo ya mto, hata kaunti yake ni tofauti. Yaani hata wanaosema "ni ya Sacramento" wamekosea kwa upana wa mto.

Mkanganyiko mwingine niumalize hapahapa kwa sababu umewapotosha wengi. Uwanja wa Las Vegas unajengwa pale ilipokuwa hoteli ya Tropicana, iliyobomolewa kwa baruti Oktoba 2024. Mwezi huohuo kimbunga Milton kilirarua paa la Tropicana Field, uwanja wa Tampa Bay kule Florida, na timu hiyo nayo ikalazimika kucheza 2025 kwenye uwanja mdogo. Ni Tropicana mbili na timu mbili kwenye viwanja vidogo, lakini hadithi haziingiliani. Tampa Bay ilitolewa kwake na upepo.

Msimu ulivyokuwa

Kuishabikia timu ya California ukiwa Afrika Mashariki ni kazi ya watu wa alfajiri. Mechi ya saa moja jioni kwao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu. Mechi ya kwanza nyumbani ilichezwa jioni ya Machi 31, 2025 dhidi ya Chicago Cubs, na huku ilikuwa tayari Aprili Mosi, Siku ya Wajinga.

Wachezaji wote wa Athletics waliingia na jezi namba 24, kumuenzi Rickey Henderson, aliyefariki Desemba 2024. Henderson alikulia Oakland na ndiye mwizi wa vituo (anayekimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe) mkubwa kuliko wote katika historia ya ligi, mara 1,406. Kwa mtu wa Oakland kulikuwa na uchungu wa pekee pale: mtoto wa mji wao anaenziwa na timu yao, kwenye mji mwingine. Kisha mechi ikaanza. Cubs 18, Athletics 3. Carson Kelly wa Cubs alipata kila aina ya pigo ndani ya mechi moja, la kituo kimoja, viwili, vitatu na homurani, jambo ambalo mchezaji wa Cubs hakuwa amelifanya tangu 1993. Nilizima nikaenda kuchemsha chai.

Uwanja wenyewe unapendeza kwenye picha. Unabeba watu wapatao 14,000, wengine wakiwa wamekaa kwenye kilima cha nyasi nyuma ya uzio wa kulia, na mashuka yao na watoto wao, kama waliokuja matembezini. Kwa shabiki ni raha. Unamsikia mchezaji akilalamika. Kwa mchezaji ni mtihani. Kwenye viwanja vya Ligi Kuu kuna njia ya chini kwa chini kutoka benchi hadi vyumba vya ndani, mrushaji anaingia kupoa kati ya ingi na ingi. Pale vyumba viko nje, nyuma ya uzio wa mbali, na kwenda lazima ukatize uwanja. Kiangazi cha Sacramento hupita nyuzi 38. Wazo la kuweka nyasi bandia liliachwa kwa kuhofia joto, na nyasi halisi zikalazimika kubeba zaidi ya mechi 150, za Athletics pamoja na za River Cats.

Aliyelisema wazi ni Luis Severino, mrushaji kutoka Jamhuri ya Dominika, aliyesajiliwa kwa dola milioni 67 kwa miaka mitatu, mkataba uliokuwa mkubwa kuliko wowote ambao klabu hii ilikuwa imewahi kutoa hadi wakati huo. Alilalamikia hewa, vyumba, na hisia ya kucheza kama mko kwenye mazoezi ya kabla ya msimu. Wengine walimwita mdekaji. Lakini tazama: wastani wa mbio alizoruhusu nyumbani ulikuwa takriban mara mbili ya ule wa ugenini. Na timu nzima ilifuata mkondo huo. Ilimaliza na ushindi 76 na vipigo 86. Nyumbani 36 kwa 45, ugenini 40 kwa 41. Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Kwa shabiki, hakuna namba inayoeleza msimu huu vizuri kuliko hiyo.

Mei ilikuwa ya kufa mtu. Walianza mwezi wakiwa vizuri, wakaporomoka kwa vipigo zaidi ya kumi mfululizo. Kuna asubuhi nilikuwa naangalia matokeo kwa jicho moja.

Ila msimu huu haukuwa wa huzuni mtupu, na hapa ndipo nawashangaa wanaosema timu ni takataka tu. Juni 9, kule Anaheim, Denzel Clarke alikimbia kurudi nyuma hadi ukuta wa katikati, akauparamia, mwili wote wa juu ukavuka upande wa pili, na akiwa ananing'inia hivyo akaudaka mpira uliokuwa umeshakuwa homurani. Akatua, akautoa kwenye glavu kama mtu aliyeokota funguo zake. Jacob Wilson, kijana anayepiga mpira kwa kugusa badala ya kutumia mabavu, alichaguliwa na mashabiki kuanza kwenye mechi ya nyota na kumaliza na wastani wa zaidi ya .300, yaani zaidi ya mapigo matatu yaliyofanikiwa katika kila majaribio kumi.

Halafu kuna Nick Kurtz. Julai 25, dhidi ya Houston, akiwa na miaka 22, alipiga mara sita na mara zote sita akafanikiwa: homurani nne, pigo la vituo viwili, na la kituo kimoja. Lile la vituo viwili liligonga ukuta sehemu ya juu. Lingepanda kidogo tu zingekuwa tano. Kabla yake hakuna mchezaji wa msimu wa kwanza aliyewahi kupiga homurani nne kwenye mechi moja. Matokeo: 15-3. Mwisho wa mwaka akapewa tuzo ya chipukizi bora wa ligi yake bila kura hata moja kwenda kwingine, na wa pili akawa Wilson. Vijana wawili bora wa mwaka, timu moja, na wanachezea mbele ya watu wasiofika 10,000 kwa wastani, wachache kuliko timu zote 30.

Misimu ya kwanza huwa hivi?

Hapana, na hapa historia inasaidia. Klabu hii imekuwa na misimu ya kwanza mara tatu tangu ilipoanzia Philadelphia mwaka 1901.

Ya kwanza ni Kansas City, 1955. Mwaka wa mwisho Philadelphia walikuja watu kama 300,000 msimu mzima. Kansas City wakaja zaidi ya milioni 1.3 kuitazama timu iliyomaliza ya sita kati ya nane. Mji ulikuwa umekaa kizazi kizima bila timu ya ngazi hiyo kwenye ligi hizi, na watu walishangilia hata kushindwa. Ya pili ni Oakland, 1968. Mapokezi yalikuwa ya wastani, na Mei 8 mrushaji Catfish Hunter aliwatoa wapigaji wote 27 wa Minnesota bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, mbele ya watu kama 6,000. Waliobaki nyumbani usiku ule hawakujua kwamba vikombe vya 1972, 1973 na 1974 vilikuwa njiani.

Kwa klabu nyingine, ile iliyotoka Montreal, Washington 2005 ilikuwa fungate kamili. Mji uliokaa bila timu tangu 1971 uliipokea Nationals kwa watu zaidi ya milioni 2.7 kwenye uwanja wa zamani wa RFK. Timu ikaongoza kundi lake hadi Julai, kisha ikachoka na kumaliza 81 kwa 81, na hakuna aliyejali sana.

Ya tatu ya Athletics, Sacramento 2025, haikupata fungate kwa sababu hakukuwa na ndoa. Kila aliyenunua tiketi alijua tarehe ya kuachwa. Wenyeji wengine walijitokeza kwa matumaini ya kuonyesha ligi kwamba mji wao unastahili timu ya kudumu siku nafasi zikiongezwa, na wengine ni wakongwe waliowaona wachezaji wa Athletics wakikua palepale, kwani River Cats ilikuwa timu yao ya malezi kuanzia 2000 hadi 2014. Lakini tangu 2015 River Cats iko chini ya San Francisco Giants, na mtoto wa Sacramento aliyeanza kupenda besiboli miaka hiyo alikuzwa na rangi ya chungwa. Usimlaumu kwa kutobadilisha jezi kwa ajili ya mgeni wa miaka mitatu.

Na waliobaki Oakland?

Watu hudhani shabiki huhama na timu. Baadhi wamefanya hivyo, wanaendesha gari saa moja na nusu kwenda kutazama. Baadhi wameacha ligi yote, wakisema kura ile ya 30 kwa 0 ilipigwa na kila timu. Kundi la tatu limejishika na Oakland Ballers, timu ndogo iliyoanza kucheza 2024 kwenye uwanja wa Raimondi Park, katika Ligi ya Pioneer, nje kabisa ya ule mfumo wa nafasi 30. Mashabiki waliruhusiwa kununua hisa. Mwaka 2025, wakati Athletics inahangaika na joto la Sacramento, Ballers walichukua ubingwa wa ligi yao. Wafuatiliaji wa soka la Uingereza watakumbuka Wimbledon: timu ilipopelekwa Milton Keynes, waliobaki waliunda AFC Wimbledon. Ila wale walipanda madaraja hadi wakakutana na waliowakimbia. Ballers hawana ngazi ya kupanda.

Mimi nimebaki na Athletics, kwa sababu ya Kurtz na Wilson zaidi ya sababu nyingine yoyote, na najua mtu wa Oakland akinisikia atanitazama vibaya. Ni rahisi kwangu. Sikuwahi kulipa kodi ya mji ule wala kumpeleka mtoto Coliseum.

Kuhusu Las Vegas, wapo wanaosema uwanja hautajengwa kamwe, na wapo wanaodhani umekwisha. Ujenzi ulizinduliwa rasmi Juni 23, 2025. Utakuwa na paa, utabeba watu 33,000, na utakuwa miongoni mwa viwanja vidogo kabisa vya ligi. Makadirio ya gharama yalianza dola bilioni 1.5 na kufikia mwisho wa 2025 yalikuwa yamefika bilioni 2, na kinachozidi zile milioni 380 za umma kinabidi kitoke kwa Fisher, wenzake na mikopo. Mpaka 2028, ukiona Athletics iko nyumbani, karibu kila mara iko West Sacramento. Mchezaji wake Lawrence Butler alisaini mkataba wa miaka saba kabla mechi ya kwanza ya msimu haijachezwa; mambo yakienda kama yalivyopangwa, mitatu ataitumikia kando ya mto Sacramento, na iliyobaki jangwani Nevada, kwa mashabiki ambao bado hawajamwona.